W Mbili na Plagi ya Nyuma

Vua saa kwanza. Vua na pete, kama uko nayo. Mwambie mwenye gari aende akanywe chai, kwa sababu injini ikiwa moto hatuigusi, hata akilia. Haya, sasa tunaweza kuongea.

Ninawaandikia nyinyi vijana mlio na gereji pale Kingongo, na wenzenu wa Karatina, ambao mnaniita Guka, babu yenu, na hamnipi nafasi ya kustaafu. "Guka, plagi ya nyuma imekataa kutoka." "Guka, koili imekatikia ndani ya shimo, nifanye nini?" Mkono wangu wa kulia siku hizi hauwezi kufungua chupa ya asali bila kuomba msaada, lakini simu ikilia naacha chai ipoe nikiwaelekeza. Mke wangu anasema nimefungua gereji ndani ya sikio. Basi wacha niandike yote mara moja, mkisoma mniache na kuku wangu.

Tuanze na koili, kwa sababu hapo ndipo mnapoharibu sana.

Wakati wetu gari nzima ilikuwa na koili moja tu, mkebe mdogo umefungwa kando ya injini. Moto ulitoka hapo ukaenda kwa distributa, na distributa ikagawa kwa waya nne. Gari ikimisi, injini ikikohoa, ulishuku pointi, ukashuku kondensa, ukashuku kifuniko, waya, mpaka mwenye gari naye ukaanza kumshuku. Siku hizi kila plagi imevaa koili yake mwenyewe kama kofia, na nyinyi mnaivuta hiyo kofia kama mtu anayeng'oa magugu! Ule mpira wa koili umekaa na plagi miaka, wamepashana joto, wameshikana. Fungua boliti yake. Bonyeza ulimi wa soketi ya waya taratibu, maana ile plastiki ikizeeka huvunjika hata ukiitazama vibaya. Halafu izungushe koili kushoto kidogo, kulia kidogo, mpaka uisikie imeachilia. Ndipo uivute, wima, bila kuilaza.

Na kabla plagi haijatoka, puliza shimo. Uchafu ulio pale chini unangoja tu ufungue mlango uingie ndani ya silinda. Sikuhitaji kusoma kitabu kujua hilo, niliingiza mchanga kwa injini ya lori ya kahawa nikiwa na miaka ishirini na mbili.

Ukitaka kujua ni koili gani imekufa, usikimbilie duka la spea. Toa ile unayoshuku uivalishe silinda nyingine. Ugonjwa ukihama nayo, umeshika mwizi. Ugonjwa ukibaki pale pale, muombe koili msamaha, utafute kwingine. Tena uangalie kama shimo liko na maji. Kulikuwa na mhubiri mmoja wa Mweiga aliyependa kuosha injini yake kwa mpira wa maji kila Jumamosi, na kila Jumapili gari inakataa kwenda kanisani. Alikuja kwetu akisema ni shetani. Tulipochomoa waya, tukakuta mashimo yote manne yamejaa mpaka juu. Mwalimu wangu, ambaye b kwake ilitoka p, akamwambia, "Pwana, hakuna shetani hapa. Umepatiza injini." Tukayakausha kwa kitambaa, akaenda zake.

Huyo aliyesema hivyo ni Mzee Wafula, na ndiye nataka mumjue.

Alikuwa Mbukusu wa Bungoma. Alifika Nyeri kabla ya Uhuru na lori ya mzungu mmoja, mzungu akaenda, yeye akabaki. Mimi nilimkuta kwenye gereji ya Bwana Kariuki, nyuma ya soko, miaka michache baada ya Uhuru. Kariuki aliinunua hiyo gereji kutoka kwa Muhindi aliyekuwa anahama. Kariuki alikuwa mtu wa koti na kofia, anajua kuongea na wateja, anajua nani ni shemeji ya nani mpaka Murang'a, lakini spana alizijua kwa kuziona tu. Gereji ilikuwa ya Kariuki, kazi ilikuwa ya Wafula.

Mimi ni Wachira, Mkikuyu wa Tetu. Kwangu "kulegeza" ilitoka "kuregesa," na sijapona mpaka leo. Mzee alisema "kari" badala ya gari na "paridi" badala ya baridi. Siku moja mteja mmoja wa kutoka Mombasa alisimama hapo akitusikiliza tukibishana juu ya kabureta, akauliza kwa adabu sana, "Samahani, hii mnayosema ni lugha gani?" Mzee akamjibu, "Ni Kiswahili, Pwana. Hata wewe utajifunza." Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Sasa, Mzee alikuwa na siri, na mimi niliijua kwa sababu nilifanya naye kazi bega kwa bega. Macho yake yalikuwa yanaisha. Mtoto wa jicho, yote mawili. Hakukubali hata siku moja. Angenipa plagi mpya na kusema, "Wachira, nisomee hiyo namba, miwani yangu nimesahau nyumbani." Miwani gani? Mzee yule hakuwahi kuwa na miwani. Lakini oili aliitambua kwa kunusa, na boliti aliipima kwa kuigeuza kati ya vidole viwili, akakuambia ni ya kumi na moja au kumi na tatu, na hakosi. Miaka mingi baadaye nilimpeleka mwenyewe kwa madaktari wa misheni wakamtoa utando wa jicho la kushoto. Bandeji ilipofunguliwa aliniangalia kwa muda mrefu akasema, "Kumpe wewe si mrefu."

Ndiyo maana plagi za nyuma zilikuwa zake. Tulikuwa na zile Pijo, stesheni wagon, zilizojaa barabara ya Nairobi wakati huo. Plagi zake zilikaa ndani kabisa ya hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, chini ya mashimo marefu, na ile ya nyuma ilikuwa imejificha karibu na ukuta wa injini. Hapo mwenye macho mazuri na mwenye macho mabaya ni sawa, kwa sababu hakuna anayeona chochote. Fundi wengi walikuja na tochi. Mzee alikuja na kipande cha mpira.

Huo mpira ndio nataka mshike. Kipande cha mpira wa petroli, urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka kiganja. Unausukuma mkia wa plagi ndani yake mpaka ushike, unateremsha plagi shimoni polepole, na unazungusha ule mpira kwa vidole viwili. Kwa nini mpira na si spana? Kwa sababu spana haina aibu. Plagi ikiingia upande, spana itaendelea kuilazimisha, na hedi ni aluminiamu, laini, itakubali kuharibiwa kimya kimya. Mpira ukikutana na ubishi unateleza tu. Unakuambia, rafiki, hapa si sawa.

Na hauanzi kwa kukaza. Hapa ndipo Mzee alinipiga kichwa kwa vidole mara zisizohesabika. "Rutisha kwanza, kijana! Rutisha!" Zungusha kinyume, kama unafungua. Thredi ya plagi, ile mistari yake ya skrubu, itapanda juu ya thredi ya shimo, halafu itaanguka mahali pake, na utasikia tik. Si kwa sikio. Kwa vidole. Ukishasikia tik, nenda mbele, na itaingia kwa mkono mpaka chini bila nguvu. "Isiposema tik," Mzee alikuwa akisema, "huna ruhusa."

Kila mara ilipomjibu, aliinamisha kichwa kidogo upande wa kulia na kuisema yeye mwenyewe, "Tik," kama mtu anayejibu salamu.

Haya. Niliyajua hayo yote, na nikafanya makosa hata hivyo. Kujua si dawa.

Ilikuwa Ijumaa mchana. Mwalimu mkuu mmoja wa Kiriaini alileta Pijo yake ibadilishwe plagi, kwa sababu kesho yake alikuwa anabeba mashangazi watano kwenda kwa ruracio, kupeleka mahari ya mpwa wake. Gari lazima iwe sawa, alisema, mashangazi hawa hawasamehi. Mzee alikuwa chini ya lori na breki. Aliniambia kutoka huko chini, "Hiyo ya nyuma niachie mimi, ama ningoje nikupe mpira."

Mpira ulikuwa kwa mfuko wake. Na saa kumi tulikuwa na mechi Ruring'u, mimi nikiwa golikipa. Plagi tatu za mbele ziliingia vizuri. Ya nyuma, badala ya kungoja, niliivalisha kwa spana ndefu, nikaiteremsha, nikazungusha mbele moja kwa moja. Ikaenda nusu mzunguko ikawa ngumu. Nikajiambia ni masizi yaliyokaukia kwa thredi. Uongo unaojiambia mwenyewe ndio rahisi kuliko wote. Nikaweka nguvu, ikaenda. Niliiwasha, ikanguruma vizuri. Nikachukua chaki.

Lazima niwaeleze hiyo chaki. Katika gereji ya Kariuki, fundi aliyemaliza gari alitia alama ya chaki ndani ya boneti, herufi ya kwanza ya jina lake, ili gari ikirudi ijulikane nani wa kuulizwa. Sasa Wafula ni W na Wachira ni W. Mzee ndiye alikuwa wa kwanza, kwa hivyo W ilikuwa yake. Mimi niliambiwa niandike W na mstari chini yake. Siku hiyo, kwa haraka ya mechi, niliandika W nikakimbia. Mstari nilisahau. Nawaapia nilisahau, lakini mtaona kwamba nilipata nafasi nyingi sana za kukumbuka.

Jumamosi, kwenye kilima kabla ya Kiriaini, plagi ya nyuma iliruka. Paa! Ikagonga boneti kutoka ndani, injini ikaanza kupiga kelele kama kinu cha posho, na shangazi mkubwa akafungua mlango gari ikiwa bado inatembea. Walifika kwa ruracio juu ya trela ya trekta ya majani chai, na nguo zao nzuri na kreti za soda. Ile hedi ilikuwa imeliwa thredi yote.

Jumatatu mwalimu mkuu aliletwa na gari yake ikivutwa kwa kamba. Kariuki alifungua boneti, akaona W, hakuna mstari. Akamuita Mzee. "Hii si W?"

Mzee aliinama karibu kabisa na ile chaki, pua ikikaribia kugusa. Yeye alijua vizuri kwamba hakugusa gari hiyo. Akasema, "W ni W, Pwana." Akarudi kwa lori yake.

Mimi nilikuwa nimesimama pale nikiwa na kitambaa mkononi. Nikaendelea kupangusa spana iliyokuwa safi tayari.

Baadaye Kariuki alinivuta kando akaniambia kwa Kikuyu, Mzee akiwa hatua tatu kutoka kwetu, kwamba amekuwa akishuku kwa muda mrefu macho ya huyu mzee yameisha. Sasa yeye Kariuki amejionea. Ijumaa atamwachisha, arudi kwao Bungoma. Benchi itakuwa yangu, na spana zote. "Lakini usimwambie," akasema. Mzee aliendelea kupanga boliti zake kwa sinia. Kikuyu hakukijua, au ndivyo tulivyofikiria. Miaka yote hiyo kati yetu! Ninaona aibu hata sasa ninapoandika, kwamba tulimsema mtu mbele yake kama ni meza.

Jumanne tuliifungua ile hedi, na Jumatano tukaipeleka Sagana, mimi na yeye, kwa mtu wa mashine aliyejua kutengeneza bushi, ile pete ya chuma yenye thredi mpya ya kuvalishwa shimo lililoliwa. Nikiendesha, yeye akiwa ameipakata hedi mapajani imefungwa kwa gunia. Tulipopita Karatina akalegeza gunia. Aliingiza kidole kidogo kwa ule upande wa chini, ndani ya shimo lililoharibika, akakizungusha polepole.

"Mlishinda?" akauliza.

"Nani, Mzee?"

"Timu yako. Siku ya Ijumaa."

Nilihisi masikio yangu yakipata moto. "Tulifungwa. Tatu kwa moja."

"Pole," akasema, akatoa kidole akakipangusa kwa suruali. Nikajua anajua. Na hata hapo sikusema kitu! Nilijiambia nitasema tukifika Sagana. Sagana nikajiambia nitasema tukirudi. Watu husema njia ya mwongo ni fupi, lakini kwangu ile ya kurudi Nyeri ilikuwa ndefu kuliko barabara zote nilizowahi kuendesha.

Alhamisi tulivalisha bushi. Hapa mniandikie kwa daftari, kwa sababu ni kazi ambayo bado itawakuta: ukikata thredi mpya bila kutoa hedi, paka grisi nyingi kwa ile tapu ya kukatia, ndio vipande vya chuma vishikwe na grisi visianguke ndani ya silinda. Kata kidogo, toa, pangusa, paka tena. Mzee alinifundisha hayo siku hiyo hiyo, hedi ikiwa juu ya benchi ambako hatukuhitaji grisi yoyote. Alinifundisha kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayejua hana siku nyingi za kufundisha.

Ijumaa saa sita Kariuki akatuita sote wawili ofisini.

Mzee alivua kofia. Kariuki alianza kwa Kiswahili chake kilichokuwa kibovu kuliko chetu wote. "Mzee Wafula. Wewe nimefanya kazi mzuri hapa. Lakini sasa hii mambo ya macho..." Akakwama. Akanigeukia, akaendelea kwa Kikuyu: mwambie wewe, anakusikia vizuri. Mwambie sina ubaya naye. Mwambie akuachie zile spana.

Kwa hivyo nilitakiwa niwe mdomo wa kumfukuza. Nilimwangalia Mzee. Alikuwa ameshatoa ule mpira kwa mfuko, ameushika kwa mikono miwili, tayari kunipa. Haki ya nani, kama angekuwa ameshika kitu kingine labda ningenyamaza tena. Nilikuwa nimeenda mbele wiki nzima kwa nguvu, na kila siku inakuwa ngumu zaidi, na bado nakaza.

Ningeweza kumjibu Kariuki kwa Kikuyu, polepole, tukamalizana sisi wawili. Sikutaka. Nilisema kwa Kiswahili, ili kila aliye ndani ya chumba asikie.

"Mzee, Bwana Kariuki anasema nikuambie uniachie spana, urudi nyumbani, kwa sababu macho yako yameisha na umeharibu gari ya mwalimu. Lakini hiyo gari si wewe. Ni mimi. Hiyo W ni yangu, sikuweka mstari. Niliingiza plagi bila mpira, bila kurudisha, nikienda kucheza mpira. Na nimejua tangu Jumatatu."

Kariuki alisimama. Aliniita majina mengine kwa Kikuyu ambayo sitawaandikia hapa, mama zenu watasoma. Aliuliza kama nina wazimu. Alipiga meza. Mwisho akaketi, akakohoa, akasema kwamba nitarudi kwa karai kuosha vyuma kama mtu aliyeajiriwa jana, mpaka yeye mwenyewe achoke kuniona hapo, na benchi inabaki ilivyokuwa. "Na wewe Mzee," akasema, "kwa nini hukusema?"

"Sikuulizwa kama ni mimi, Pwana," Mzee akajibu. "Niliulizwa kama hiyo ni W."

Tulitoka nje. Jua lilikuwa kali, wale wengine walikuwa wameacha kazi wakijifanya wanatafuta kitu. Nilienda moja kwa moja kwa karai, nikakunja mikono ya shati. Mzee alipita karibu nami kwenda kwa benchi yake, akihesabu hatua zake kama kawaida. Akasimama. Hakunishika bega, hakuniambia asante, na sikustahili. Aliinamisha tu kichwa kidogo, upande wa kulia.

"Tik," akasema, akaenda kufanya kazi.